Barua ya Kazi Yaingia Nyumbani

Zamani barua ya ofisi kutoka Lubumbashi ilisafiri kwa gari hata Kasomeno. Leo, penye mtandao, yaingia katika simu ya karani, hata awapo mezani na watoto wake.

Barua hiyo haikai katika simu tu. Imehifadhiwa katika mashine ya mbali. Simu na kompyuta ya ofisini ni madirisha mawili ya chumba kimoja. Kwa hiyo watu walio mbalimbali waweza kuandika hati moja pamoja. Kwa mahali kama Kasomeno, panapoachana njia ya Kasenga na ya Pweto, faida hii si ndogo.

Lakini sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yaweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Je, ni nani azihesabuye zile robo saa za usiku? Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zapaswa kujadiliana nao juu ya haki ya kutojibu nje ya saa za kazi. Nchini Kenya muswada wa namna hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022.

Tusingojee sheria. Mkubwa wa kazi na wapatane mapema na watu wake: jambo la hatari lipigiwe simu, barua ingoje asubuhi. Mtoto amwonaye baba yake jioni tu asinyimwe saa hiyo.