Mutoto anacheza teatre: tumukataze?

Mzazi mupenzi, kama mutoto anakuambia kwamba masomoni wanacheza teatre, usiseme mbio: "Ni mambo ya bure!" Mimi nilisema vile kwa kijana wangu. Akanyamaza, hata shida yake hakuniletea tena.

Kati ya 2008 na 2010, wachunguzi wa inchi 12, Hungaria ikiongoza, walipima vijana 4.475 wa miaka 13 mpaka 16. Wale wenye kucheza teatre walionekana wanapenda masomo kupita wenzao, wanasubutu kusema mbele ya watu, na wanajali shida ya wengine.

Basi leo jioni, umuombe akuonyeshe sehemu yake ya muchezo. Ukae, uangalie. Labda utasikia kile alichoshindwa kukuambia mezani.