Ndoo ya Shangazi Itapanda Wapi?

Ndugu zangu wa Manzese,



Kila video ya mabasi ya mwendokasi, yaliyochukua njia za daladala, ikitua kwenye kundi letu la WhatsApp, Wabongo wa huku Leicester wanaanza kulia: daladala zetu jamani, makonda wetu, maandishi ya kioo cha nyuma! Wanaolia wote wana magari. Sijui ni nani kati yao aliwahi kuning'inia mlangoni Ubungo hadi Posta mvua ikimpiga, au kuachwa kituoni na sare ya shule kwa sababu nauli ya mwanafunzi haimlipi konda. Mimi sizililii. Hata hizo daladala hazikuwa mila ya mababu, zilizaliwa na shida: mabasi ya shirika la usafiri la UDA yalichakaa, vipuri hakuna, ndipo mwaka 1983 serikali ikawaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Mabasi marefu ya mwendokasi yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, nilisema heri.

Kinachonikera ni ndoo ya shangazi. Mnamkumbuka akitoka soko la samaki la Feri asubuhi na vibua vyake? Konda anamtukana kidogo, anadai nauli ya ndoo, anaisukuma nyuma chini ya siti, anatukana tena. Shangazi naye hakosi jibu. Maji ya samaki yanachuruzika hadi kwenye viatu vya karani wa watu, karani ananuna, gari linaondoka. Mchana vibua viko kwenye karai, mafuta yanachemka.

Leo kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kiko jirani kabisa na soko hilo la samaki, lakini kwenye basi lilivyojaa vile, ndoo haina pa kukaa. Shangazi anapanda bodaboda. Binti yake kaniambia faida yote inaishia kwa dereva.

Njia za mwendokasi zinazidi kusogea, Mbagala, Gongo la Mboto. Mkiitwa kwenye mkutano wa mtaa msiombe daladala zirudi. Ulizeni mzigo wa mchuuzi utapanda wapi. Basi moja tu la alfajiri, siti zimepunguzwa, sakafu ya kuosha kwa mpira wa maji, lingetosha kuanzia. Nauli ya ndoo iandikwe ijulikane, isiwe ya kubembelezana.

Na shangazi mwambieni asinikasirikie kwa kumtangaza.

Wenu,
Mtoto wa Manzese