Ukoo unapoandikwa, maswali nayo yaandikwe

Katika familia nyingi za Kivu zilizokimbia vita kuna kijana mmoja, mara nyingi yule mwenye simu nzuri, aliyepewa kazi ya kuandika ukoo. Anaweka programu, anajaza jina la baba, la mama, la babu, la nyanya, halafu anafika kwa mama yake babu na kukwama. Kisanduku kinabaki wazi. Wazee wakimuuliza amefikia wapi, anajibu kwamba huko nyuma hakujulikani.

Jibu hilo si la kweli, na familia isilikubali. Kisanduku kilicho wazi hakisemi kama swali limekwisha kuulizwa. Hakisemi nani aliulizwa akasema hajui, wala nani angali hai ambaye huenda anajua. Kinachokosekana kwa kijana yule ni orodha ya kazi zinazobaki: swali gani, kwa nani, yuko wapi, na nani atampelekea.

Programu zenyewe zina mahali pa kuandika hayo. Gramps, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti, inaruhusu kumwekea kila mtu maandishi ya aina ya "kazi ya kufanya", kisha kuyaona yote pamoja. RootsMagic nayo ina sehemu yake ya kazi. Wengi hawaigusi sehemu hiyo, kwa sababu matawi ndiyo yanayopendeza machoni. Tena, faili likihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, majina na tarehe hupita salama lakini orodha ya kazi inaweza kupotea njiani, kwa kuwa mfumo wa GEDCOM unaotumika kuhamisha haukuwekewa mahali maalum pa kazi hizo. Kwa hiyo orodha inakiliwe pia kwenye daftari. Daftari halihitaji umeme wala mega.

Kwa Kongo jambo hili ni zito kuliko kwa nchi zenye vitabu vilivyohifadhiwa vizuri. Sensa ya mwisho ya wakaaji wote ilifanyika mwaka 1984. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma. Vita vilivyoanza 1996 vimepita juu ya ofisi, parokia na nyumba za watu, na mahali pengi karatasi ziliondoka pamoja na paa. Sehemu kubwa ya kumbukumbu imebaki vichwani mwa wazee, na wazee wenyewe wametawanyika: mmoja yuko kwa jamaa Bukavu, mwingine Nyarugusu nchini Tanzania, mwingine Nakivale huko Uganda, mwingine Dzaleka huko Malawi.

Ndiyo maana orodha nzuri hupangwa kwa mahali alipo mwenye jibu. Kuifuata alfabeti ya majina hakusaidii sana. Siku mjomba anapopata nafasi ya kwenda Nyarugusu, mtu achukue daftari, afungue ukurasa wa Nyarugusu, ampe maswali manne yaliyo tayari. Bila hivyo mjomba atafika, watasalimiana, watalia waliokufa, watakula, atarudi. Na hapo ndipo nyumbani watakumbuka kwamba hakuna aliyemwambia amuulize shangazi jina la mama yake babu. Safari nyingine itakuwa lini?

Swali nalo liandikwe kama swali. "Kutafuta habari za babu" si kazi ambayo mtu anaweza kuimaliza. "Kumuuliza shangazi wa Nyarugusu: mama yake babu alitoka kijiji gani kabla ya kuolewa, na ndugu zake walikuwa nani?" hiyo ni kazi. Pembeni iwekwe tarehe ya kuuliza na jibu lililopatikana, hata kama jibu ni "hajui". Mtu aliyekwenda parokiani akaambiwa kitabu cha ubatizo cha miaka ile kiliungua, na asiandike, atamfanya mdogo wake alipe franga za moto miaka mitatu baadaye kwenda kuambiwa maneno yale yale.

Anayetangulia ni nani? Mwenye umri mkubwa, bila kubishana. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa uasi wa 1964, familia za Uvira na Fizi zilipokuwa zikivuka ziwa kukimbilia Tanzania, sasa amepita miaka 70. Anakumbuka walivuka na nani na nani alibaki ng'ambo. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya uchaguzi inaweza kungoja. Yeye hawezi.

Kuna maswali mengine ambayo familia haijui hata kwamba inayo, nayo yanahusu majina. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, majina ya Kikristo yalikatazwa na watu wakatakiwa kutumia majina ya kienyeji. Mtu aliyebatizwa Yosefu akawa na jina lingine kwenye karatasi za Zaire, na wajukuu wake wanalijua hilo la pili tu. Wakienda kulitafuta kwenye kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1950 hawatalipata, watasema babu hakubatizwa. Mahali napo palibadilishwa majina: Costermansville ni Bukavu, Albertville ni Kalemie, Baudouinville ni Moba. Kijana anayesoma "Baudouinville" kwenye kadi ya zamani anaweza kudhani babu yake alizaliwa Ulaya!

Programu nyingi za ukoo, ziwekwe wazi, zilitengenezwa kwa watu ambao jina la baba hushuka kwa watoto wote. Huku kwetu Kongo watoto watano wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matano, kila mmoja la babu, la nyanya, la rafiki wa baba, au la jambo lililotokea siku ile. Programu ikimpa mtoto jina la baba yenyewe, na kijana akakubali kwa kubonyeza, kosa limeingia na litaonekana kama ukweli. Kwa kila mtu wa aina hiyo kazi moja iandikwe: kuthibitisha jina lake, na kuuliza alipewa kwa sababu gani. Sababu ya jina mara nyingi ndiyo inayofungua mlango wa mtu mwingine aliyesahauliwa.

Wapo wanaosema kwamba familia inayolala chini ya sheeting, au iliyorudi ikakuta nyumba haina mlango, haina nafasi ya mambo ya ukoo. Hoja hiyo ina uzito, maana njaa haingoji. Lakini familia hizo hizo zikirudi kijijini hukuta mtu mwingine analima shamba lao, na jambo la kwanza wanaloulizwa ni nani alimpa babu yao shamba hilo, mpaka ulipita wapi, na nani alikuwepo. Mti wa ukoo si hati ya shamba, wala hautoshi mbele ya hakimu au chifu. Hata hivyo, jina la shahidi lililoandikwa shahidi mwenyewe akiwa hai lina faida kuliko mabishano ya wajukuu.

Kuna pia kazi zisizofaa kuwekwa kwenye orodha hiyo kabisa. Ndugu aliyepotea wakati wa kukimbia, hasa mtoto, si swali la kungoja safari ya mjomba. Huyo apelekwe haraka kwa Msalaba Mwekundu, ambao una huduma ya kutafuta jamaa waliotenganishwa na vita, nayo ni ya bure. Anayeomba pesa kwa kazi hiyo aogopwe.

Na orodha ina hatari yake, ambayo watu wa nchi zenye amani hawaifikirii. Katika Kivu jina la ukoo au la kijiji limewahi kumponza mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Karatasi inayosema nani ni mtoto wa nani, anatoka wapi, na sasa amejificha mtaa gani, ni karatasi ya kulindwa. Habari za walio hai zisiwekwe kwenye mtandao, zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ambao nusu hawajulikani, na zisitembee kwenye simu inayopita vizuizini. Anayesafiri apewe maswali tu. Majibu mengine yakae kwa mtu mmoja au wawili wanaoaminika, na fulashi ya pili iwe mji mwingine.

Mwisho kuna kazi moja isiyohusu waliotangulia. Kwa Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016, mtoto anapaswa kuandikishwa kwa serikali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, pamoja na usumbufu na gharama zake. Watoto waliozaliwa njiani, kambini au kwa jamaa ni wengi, na kila mmoja wao anastahili mstari wake kwenye daftari lile lile: alizaliwa tarehe gani, mkunga alikuwa nani, karatasi ya kituo cha afya iko kwa nani, na siku ya 90 ni lini.