Usiku bila karatasi hauna shahidi

Wasomaji wetu wa Shabunda, wa Lulingu, wa Katchungu na wa Kigulube watatuuliza: habari ya ndege zilizopigana usiku kule Ulaya mwaka 1944 inatuhusu nini, sisi wenye kutafuta kasiterite na zahabu? Inatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza, vita ile ilikula jasho la wazee wetu. Wakati Wajapani walikamata Malaya mwanzo wa mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walikosa etani, ile metali inayotoka katika kasiterite na inayounganisha nyuzi ndani ya radio na rada. Macho yao yakageukia Kongo. Mwaka ule ule Wabeleji wakapandisha kazi ya lazima ya watu weusi kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka. Wazee walichimba, walibeba, na hawakuambiwa vitu vile vinaenda kufanya nini.

Ya pili ndiyo tunataka kuzungumuzia leo. Kule Ulaya kuna watu ambao, miaka 80 nyuma ya vita, wanaweza kuambia familia moja: ndege ya babu yenu ilipigwa saa fulani, juu ya kijiji fulani, na piloti fulani. Hapa Shabunda, mama ambaye mume wake alikufa usiku katika kare ya madini miaka 12 tu imepita, hakuna anayeweza kumwambia kitu. Tofauti hiyo inatoka wapi? Siyo akili. Ni karatasi.

Angalieni namna ilikuwa. Ndege za bomu za Waingereza zilikuwa zinaenda Ujerumani usiku. Wajerumani walikuwa na ndege za kuwinda usiku, zenye rada, zinazofuata zile za bomu katika giza. Kila ndege iliyorudi, watu wake hawakuenda kulala kwanza. Ofisa alikuwa anawangojea na fomu: Mulishambuliwa saa ngapi? Mulikuwa mahali gani, juu kiasi gani? Adui alitokea upande gani? Nani alimuona kwa macho yake? Wajerumani nao walikuwa na fomu zao: piloti aliyesema ameangusha ndege alipaswa kutaja saa, mahali na shahidi.

Karatasi za Waingereza ziko Kew, katika muji wa London, mahali inchi inahifazi maandishi yake. Za Wajerumani nyingi ziliharibika vita ilipoisha, lakini zingine ziko Freiburg. Mutafutaji anachukua ripoti ya upande huu na ya upande ule, anaziweka uso kwa uso. Kama saa inalingana, na mahali panalingana, amepata. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 mwezi wa 3 mwaka 1944, ndege 795 zilienda kupiga muji wa Nuremberg, 95 hazikurudi. Katika vita yote, jeshi lile la ndege za bomu lilipoteza watu 55 573. Siyo « karibu elfu hamsini na kitu ». Ni 55 573, kwa sababu kila mumoja aliandikwa na jina lake.

Lakini tusidanganyane: karatasi nayo inaweza kukosea. Waingereza wengi waliandika kwamba Wajerumani wanatupa risasi ya kuogopesha, yenye kupasuka angani sawa ndege inayoungua. Risasi ile haikuwako. Walichokuwa wanaona ni ndege za wenzao kweli, watu wakiwa ndani. Wajerumani walikuwa wamefunga bunduki zinazoelekea juu. Walikuwa wanapita chini ya ndege na kupiga tumbo lake, na risasi zao hazikuacha mwangaza. Aliyepigwa hakuona aliyemupiga. Tena mapiloti wawili waliweza kujisifu kwamba kila mumoja ameangusha ndege, kumbe ni ile ile moja. Ni kulinganisha maandishi ya pande mbili ndiko kulitoa ukweli. Ripoti moja haitoshi. Lakini mahali hakuna ripoti hata moja, hakuna cha kulinganisha, na uongo unakuwa mufalme.

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tunajua kushambuliwa usiku na mutu ambaye hatuoni uso wake. Asubuhi watu wanaulizana: « Ni banani balikuya? » Huyu anasema ni FDLR. Yule anasema ni Raia Mutomboki. Mwingine anasema ni waaskari, alitambua viatu. Jioni habari imekwisha kugeuka, na kwa habari ile nyumba ya jirani asiyehusika inaweza kuchomwa. Hiyo ndiyo risasi yetu ya kuogopesha: kitu ambacho kila mutu ameona na ambacho pengine hakikuwako.

Hatusemi kwamba hakuna aliyeandika juu ya Shabunda. Mwaka 1997 Médecins Sans Frontières iliandika juu ya wakimbizi wa Rwanda waliouawa katika mapori yetu. Mwaka 2002 Human Rights Watch iliandika mateso ya wamama wa huku. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ile Ripoti Mapping: mambo mabaya 617 yaliyofanyika kati ya mwaka 1993 na 2003, mashahidi zaidi ya 1 280 waliosikilizwa. Tunawashukuru. Lakini wote walikuwa wageni. Waliandika, wakaenda. Majina ya wanaoshukiwa yamefungwa Geneva. MONUSCO nayo ilimaliza kazi yake Sud-Kivu mwezi wa 6 mwaka 2024, na ofisi ikifungwa, karatasi zake zinamufuata mwenyewe. Na usiku wote uliofuata mwaka 2003, nani alihesabu?

Kwa wale wanaosema karatasi haileti chakula, tuwakumbushe La Haye. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, Tribinali ya Kimataifa ilikata kesi ya Kongo na Uganda. Kongo iliomba zaidi ya miliari 11 za dola. Ilipewa milioni 325: 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali iliyoharibiwa, 60 kwa madini, miti na utajiri mwingine. Kongo ilisema raia waliokufa ni 180 000. Waamuzi walishika kati ya 10 000 na 15 000. Hawakusema vita haikuwako. Walisema vishuhuda havitoshi. Wafu wetu walikuwa wengi, dosie ilikuwa nyembamba.

Kesi ile ilikuwa ya Uganda. Ile ya Rwanda, tribinali hiyo hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuikata. Ni kusema Shabunda, iliyokuwa chini ya RCD-Goma, bado haijahesabiwa popote. Lakini siku inaweza kufika. Tangu tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022 kuna sheria ya kulinda na kulipa wahanga wa vita, na mufuko FONAREV uko na kazi ya kuwatambua. Wakifika kwako, watauliza kama ofisa yule wa London: lini, wapi, nani, nani aliona? Utajibu nini?

Ndiyo sababu tunaomba jambo dogo. Kila koperative, kila parokia na kila kanisa, kila kituo cha afya, iwe na kaye moja. Waandike tarehe na saa. Waandike mahali: jina la mulima, la mto, la kare. Waandike mbali mbali kile mutu aliona kwa macho na kile alisikia tu, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Waandike vitu vilivyochukuliwa, kilo ngapi, na njia washambuliaji walipitia. Zaidi ya yote waandike majina kamili. Katika mashimo yetu mutu anajulikana kwa jina la michezo tu. Akifa, jina lile linakufa naye, na familia yake ya Kamituga ao ya Kindu inaendelea kumungojea.

Kuna watakaosema: kaye inaweza kuua. Ni kweli, na hatulichukui kama muchezo. Mwenye bunduki hapendi kuandikwa. Basi majina ya mashahidi yasikae pamoja na habari yenyewe; yashikwe na mutu mwingine. Kopi moja ibaki, nyingine iende Bukavu kwa mutu wa kuaminika. Na mwenye kuogopa asilazimishwe. Ila tuseme pia kwamba kunyamaza hakujatulinda: tumenyamaza miaka 30, na wanaendelea kuja.

Wazee wa Bwami hawakuwa na karatasi, lakini waliweka mafundisho katika sanamu ndogo za miti na za pembe, kila moja na methali yake, zikapita kutoka mukono wa baba mpaka wa mutoto. Balega hawakuanza leo kuhifazi mambo. Sisi tuko na kalamu. Wamama wajane wa makare wangali hai, na bado wanakumbuka saa, mvua, na upande mbwa walianza kulia. Miaka 20 ijayo hawatakuwako wote. Tuanze nao wiki hii.