Usikiri Kosa Ili Uwahi Kazini

Kuna ushauri unaopokezanwa ndani ya matatu za Kawangware na ofisi za Westlands: ukishtakiwa kwa kuendesha kasi, kiri, lipa, uende zako. Eti polisi hashindwi kortini. Ushauri huu ni mbovu, na umetugharimu zaidi kuliko faini zote tulizolipa.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 43, inakataza mtu kutiwa hatiani kwa kosa la kasi kwa neno la shahidi mmoja tu anayesema kwamba, kwa maoni yake, gari lilikimbia mno. Kwa hiyo afisa aliyesimama kando ya Waiyaki Way akakadiria mwendo wako kwa macho hajathibitisha kitu. Lazima alete la ziada. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inakupa haki ya kupewa ushahidi mapema na kuupinga. Kifaa cha kupimia kasi kilisoma kilomita ngapi? Kililenga gari lipi, ilhali matatu na lori zilikuwa zikipita sambamba nawe? Mara ya mwisho kilikaguliwa lini? Kuyauliza maswali haya hakuhitaji wakili, na hakimu atakusikiliza ukiyauliza kwa Kiswahili.

Lakini asubuhi katika mahakama ya Milimani hayaulizwi. Jina linaitwa, shtaka linasomwa, mshtakiwa anajibu "ni kweli" karani hajamaliza sentensi, kisha anatoa simu alipe. Akishakiri, upande wa mashtaka hauna tena cha kuthibitisha.

Najua kesi huahirishwa, na siku ya dereva wa teksi ikipotelea kortini, nyumbani watu hulala njaa. Ukidaiwa kuzidisha kilomita 6 hadi 10 kwa saa, kanuni za trafiki za 2016 zinatoza shilingi 500. Anayelipa hizo akaenda kutafuta riziki simlaumu. Ukidaiwa 16 hadi 20, ni shilingi 10,000. Zaidi ya hapo unafika mbele ya hakimu, na sheria inaruhusu faini ya hadi 100,000. Pesa hizo hazilipwi kwa sababu una haraka.

Isitoshe, imani kwamba polisi hashindwi kortini ndiyo inayolisha hongo. Afisa anayeinama dirishani kuomba kitu kidogo anategemea hofu yako ya Milimani. Dereva asiyeogopa korti hatishiki.

Simtetei anayekimbia. Aliyepita Kangemi kwa kilomita 80, mahali watoto wa shule wanavuka, akiri na alipe, kwani barabara zetu zinaua wanaotembea kwa miguu kila wiki. Ninayemwambia ni yule anayejua moyoni kwamba hakukosa: kana shtaka, omba nakala za ushahidi siku hiyo hiyo, uchukue tarehe ya kesi, na siku hiyo ufike.