Fundi, usilikamue neno

JICHO LA MTAA
Na Salama Mbwana

Maneno ya Kiswahili ni marefu, na mafundi wetu wa mabango bado hawajakubaliana na jambo hilo. Chukua MWANANYAMALA: herufi 12, M mbili na W moja humo humo, na hizo ndizo zinazokula nafasi kuliko zote. Fundi anaanza na Arial ya kawaida, anaona neno limezidi ubao, basi analishika ubavuni kwa mausi na kulisukuma mpaka liingie. Limeingia, ndiyo, lakini limeumia.

Itazame E iliyokamuliwa hivyo. Mstari wake uliosimama umekonda, ile mitatu iliyolala imebaki na unene wake wa awali. O imekuwa yai. Ukiwa ng'ambo ya barabara unaona michirizi tu, unangoja konda apige kelele ndipo ujue daladala inaelekea wapi.

Fonti zilizochorwa finyu tangu mwanzo zipo miaka mingi. Impact, aliyoichora Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965, imo kwenye kompyuta nyingi za Windows: nene, imebanana, na kila mstari umepimwa kwa jicho la mchoraji. Kosa lake kwangu ni ukali. Kila bango linakuwa kama linakukaripia. Ndiyo maana napigia debe dada yake mwenye ncha za duara, nene na finyu vilevile.

Wapo wanaoziona ncha hizo za kitoto. Nawaambia waulize vifaa. Mrija wa taa ya neoni haukunjiki kwa pembe kali. Mashine ya kukatia herufi za akriliki ina kisu kinachozunguka, nacho hakiwezi kuchonga kona kali ya ndani. Na stika ya kwenye kioo cha gari, ikishaoshwa asubuhi na jioni, huanza kubanduka penye pembe. Penye duara maji hayapati pa kuishikia haraka.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Dosis, kwa mfano, inapakuliwa bure Google Fonts. Ni ya duara, nyembamba kiasi, na ina daraja la unene mkubwa linalotosha kabisa kwa jina la duka.

Kwa jina la duka, nimesema. Namba ya simu ni kesi nyingine. Unene ukizidi ndani ya herufi finyu matundu huziba, na 6, 8 na 9 zenye ncha za duara zinafanana kabisa kwa mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda. Namba iandikwe kwa fonti ya upana wa kawaida, unene wa wastani, yenye nafasi ya kupumua. Kama ubao hautoshi, futeni ule mstari wa "Karibuni Wateja Wote". Hakuna mteja aliyewahi kuja kwa ajili yake.