Picha ya kichwa ni safi, lakini ya sikio nani aliipiga?

Tuseme mamako yuko Mbita. Amekuambia mara tatu sasa kwamba ukimpigia simu lazima aihamishie sikio la kulia, kwa sababu la kushoto linasikia mlio tu, kama jenereta iliyo mbali. Wewe uko Nairobi, Rongai ama Pipeline. Umemtumia pesa kwa M-Pesa, akavuka na feri hadi Luanda Kotieno, akapanda matatu hadi Kisumu, akapigwa CT scan ya kichwa. Jioni ripoti inaingia kwenye WhatsApp ya familia: ubongo hauna shida. Kila mtu anaandika "Asante Mungu" na stori inaishia hapo.

Mimi nasema isiishie hapo. Sikio bado halisikii, si ndiyo?

Kuna uvimbe unaoota kwenye neva inayotoka sikio la ndani kuelekea kwenye ubongo. Madaktari huuita akustiki nyuroma. Si saratani na hausambai mwilini. Hukua pole pole, mara nyingi milimita moja au mbili kwa mwaka, na mwingine hukaa miaka bila kuongezeka. Ni nadra: kwa kawaida mtu mmoja au wawili hivi hupatikana nao kila mwaka katika kila watu laki moja. Wengi wao ni watu wazima wa umri wa wazazi wetu, ingawa vijana pia huupata. Mark Ruffalo, yule anayeigiza Hulk, alipatikana nao mwaka 2001 akiwa na miaka thelathini na kitu. Alifanyiwa upasuaji, upande mmoja wa uso ukapooza kwa miezi kadhaa, na sikio lake la kushoto halisikii hadi leo.

Sasa, kwa nini picha ya kichwa iukose? Neva hiyo hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa, urefu wake kama sentimita moja tu, na mfupa huo ni miongoni mwa migumu zaidi mwilini. CT ni hodari kwa mifupa na damu iliyovuja. Ukigongwa na bodaboda, hiyo ndiyo unayotaka haraka. Lakini kinyama kidogo kilichojibanza ndani ya mfupa mgumu hakionekani vizuri pale, hasa kama hukudungwa ile dawa ya kung'arisha picha. Uvimbe ukishakuwa mkubwa CT huuona, lakini kufikia hapo umeshaanza kusukuma ubongo.

MRI ndiyo kipimo chenyewe, na hata hiyo ina mtego. Picha hupigwa vipande vipande. Mtu wa ziwani anaelewa hili: ukikata mbuta vipande vinene, mwiba mdogo hujificha katikati na hutauona. MRI ya kawaida ya ubongo inaweza kuwa na vipande vya milimita tano, na uvimbe wa milimita nne ukapita katikati kimya kimya. Inatakiwa MRI inayolenga mfereji wa sikio la ndani, kwa vipande vyembamba. Dawa ya kung'arisha husaidia sana, lakini hata bila dawa kuna namna ya kuupiga mfereji huo kwa vipande vyembamba kabisa, na inatosha kwa wagonjwa wengi.

Kwa hivyo lawama nyingi siziweki kwa anayesoma picha. Naziweka kwa ile karatasi ya kuombea picha. Kama imeandikwa "maumivu ya kichwa", msomaji atatafuta sababu za maumivu ya kichwa. Kama imeandikwa "sikio la kushoto limepoteza usikivu, lina mlio, anayumba akitembea, angalia neva ya usikivu", hiyo ni kazi tofauti, hata mashine inatayarishwa tofauti. Karatasi hiyo iko mikononi mwako kabla ya kuingia chumba cha picha. Isome. Kama sikio halijatajwa, rudi kwa daktari umwambie kwa heshima, "Daktari, shida iliyonileta ni sikio, naomba liandikwe."

Najua utasema MRI ni pesa ndefu, na uko sahihi. Ndiyo maana hatua ya kwanza si mashine kubwa. Ni kipimo cha usikivu, kile cha kukaa mahali patulivu na kubonyeza kitufe ukisikia mlio. Kikionyesha masikio mawili hayalingani, na kasoro iko kwenye neva, hapo ndipo MRI inastahili nauli. Wengi wenye sikio moja bovu hawatapatikana na uvimbe wowote. Lakini kupiga CT isiyojibu swali halafu kurudi Kisumu tena kwa MRI, hiyo ni kulipa mara mbili.

Jaribu kitu sasa hivi. Ziba sikio moja kwa kidole, kisha uvume "mmmm" mdomo ukiwa umefungwa. Sauti inahamia upande ulioziba. Mwenye nta husikia hivyo hivyo, mvumo unaenda kwenye sikio bovu. Neva ikiwa ndiyo yenye kasoro, mvumo huelekea sikio zima. Si uchunguzi wa daktari, lakini ukiwa umeuziwa dawa ya nta mara tatu na mvumo unaenda upande mzuri, acha kununua.

Tunapenda pia kusingizia. Eti ni spika za masikioni, eti ni injini ya boti, eti ni zile sindano za TB. Kelele na dawa huharibu masikio kweli, ila kwa kawaida huharibu yote mawili. La upande mmoja linataka maelezo yake. Na likizima ghafla, kwa siku moja au mbili, usingoje mwisho wa mwezi. Kuna matibabu, lakini hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache.

Kwa wanasiasa wa Homa Bay nina ombi dogo: kabla ya kukata utepe wa mashine nyingine kubwa, hakikisheni kila hospitali ya kaunti ndogo, Mbita ikiwemo, ina kifaa cha kupima usikivu kinachofanya kazi na mtu aliyesomea kukitumia. Hakipendezi sana kwenye picha za Facebook, najua.

Na wewe, pigia mamako leo. Muulize anasikiza kwa sikio gani.